Gari Ilale Ikitazama Barabara

Jumapili, jioni. Mvua imekatika sasa hivi tu, mawe meusi ya barabara yetu yanatoa mvuke, na mulima umejificha ndani ya mawingu tangu asubuhi. Mutu wa Goma ananielewa. Mulima ukiwaka mwekundu kule juu unaogopa, lakini angalau unauona. Usipouona, unaanza kuhesabu watoto.

Nimewahesabu. Wote wako ndani.

Shajara yangu, leo niko na woga. Nakuandikia wewe kwa sababu kwenye nganda siwezi kulisema neno hilo. Pale tunapokunywa bia, mimi njo yule mwanaume aliyepasha maji ya chai juu ya lave. Na ni kweli! Ile volkano ya zamani ilipopita katikati ya muji, nilikuwa kijana, nikaweka sufuria juu ya jiwe lililokuwa bado jekundu, maji yakachemka hata sijapata sukari. Jirani yangu Papa Solo anasema jiwe lilikuwa limeshapoa. Yeye alikuwa amekimbia, alionea wapi?

Volkano ya pili, ile ya miaka hii ya karibu, sikuwepo.

Nilikuwa Vitshumbi, kule kwenye ziwa Édouard, napakia samaki kwenye camionnette yangu ili niwashushe kwenye soko la Birere. Bibi yangu, Mama Furaha, alikuwa nyumbani na watoto na mama yake muzazi. Miguu ya huyu mama ilikataa kutembea zamani. Watoto wanamwita Nyogokuru, na mimi ninamwita vilevile. Mbingu zikawa nyekundu, ardhi ikatetemeka siku baada ya siku, wakubwa wakatangaza watu watoke. Mama Furaha akaomba chukudu kwa jirani, hii ya kwetu ya mbao ya kubebea viazi na makaa, akamulaza mama yake juu yake kama gunia, akamufunga na kitenge, akasukuma mpaka Sake. Watoto nyuma, wameshika kitenge.

Gari ilikuwa na mimi, imejaa samaki.

Tangu siku ile Mama Furaha anasema neno moja tu: gari ya pili. Hataki ya kutembea wala ya kuonekana kanisani. Anataka ya kubaki nyumbani wakati ile ya kwanza iko safarini.

Nilikuwa najibu, tutaona. Miaka ikapita nikijibu tutaona. Sasa waasi wako kwenye vilima juu ya Sake. Leo asubuhi padri alikuwa anahubiri, mabomu yakasikika kule mbali, akafuta miwani yake, akaendelea palepale alipoachia. Hakuna aliyegeuza kichwa. Sisi wote tulitazama mbele kama wanafunzi wanaoogopa kuulizwa.

Vitshumbi sifiki tena, barabara ya Rutshuru iko mikononi mwao. Siku hizi naenda Minova kuchukua maharagwe, nikipitia Sake, siku ambayo njia inakubali. Kesho inaweza kukubali kwenda na kukataa kurudi. Hapo njo nimeacha kusema tutaona.

Jana tulienda Birere kuangalia jeep. Kwenye nganda nilikuwa nimeshatangaza: bibi yangu nitamununulia jeep ya kupanda mulima mpaka kwenye mudomo wa volkano, achungulie ndani, ashuke. Jeep yenyewe ilikuwa ya zamani lakini ndefu, magurudumu mpaka kwenye kiuno changu, na mimi si mufupi. Niliipenda kabla ya kufungua mulango. Nyogokuru tulimuleta pia, kwa sababu gari ni yake zaidi kuliko ya mutu mwingine. Tukamushika huku na huku. Akainua muguu wake mbele ya ile ngazi ya chuma, muguu ukafika nusu, ukarudi. Akajaribu tena. Mara ya tatu akatazama jeep kutoka chini mpaka juu.

"Mukwe wangu," akaniambia, "hii nitapanda siku ya ufufuo."

Watu wa Birere walicheka. Mimi pia nilicheka, lakini usiku sikupata usingizi. Si kwa ajili ya muguu peke yake. Jeep ile inakunywa essence kama mulevi, na essence siku hizi inakuja na kupotea. Mimi niko na bidoni zangu tatu za akiba, nimezificha chini ya kitanda chetu. Nilikuwa najisifia kwa Papa Solo: wengine wanalala juu ya foronya, mimi nalala juu ya safari. Jana Mama Furaha aliniambia, polepole, akiwa amenipa mugongo:

"Papa Furaha, bomu likianguka hapa karibu, watoto wako chumba cha pili."

Basi. Nilibaki nanusa harufu ya kitanda changu mwenyewe.

Leo baada ya misa tukaenda Himbi, na Nyogokuru pia. Kule karibu na ziwa kunakaa Papa Bahati, mutu wa bureau na karatasi, anayehamia kwa familia yake mbali na hapa. Anauza kagari kadogo ka umeme. Bei yake iko chini ya ile ya jeep, kwa sababu watu wote wanakaogopa. Hata mimi nilikaogopa kabla ya kukaona. Papa Solo alikuwa ameshanichoma: "Volkano inashuka, na wewe uko unatafuta prise ya umeme! Gari ya kuchaji kama telefone! Utaiweka mufukoni?"

Kagari ni kadogo kweli. Rangi ya maziwa. Nilikazunguka, nikapiga magurudumu teke kama fundi, nikaingia, nikabonyeza pale aliponionyesha. Kimya. Nikamwambia Papa Bahati imekufa. Akasema imeshawaka. Nikasema najua, nilikuwa namujaribu.

"Na courant ikiisha njiani?" nikamuuliza kwa sauti ya mwanaume. "Tunasukuma mpaka kwenye prise ya nani?"

"Na essence ikiisha njiani, muzee, unasukuma mpaka kwa nani?"

Anasema ikijaa inafika Sake na kurudi, mara mbili, na vilima ndani yake. Nikamwambia camionnette yangu nikiijaza inafika Kisangani. Haijawahi kufika Kisangani, lakini wakati huo niliona inafika.

Nyogokuru hakungoja maneno yetu yaishe. Mulango ulikuwa wazi, kiti kiko chini, kama kile cha jikoni anachokalia akichambua maharagwe. Akageuka, akashusha makalio, akavuta muguu mumoja, halafu mwingine. Peke yake. Sijamuona mama huyu akiingia popote peke yake tangu nimuoe binti yake. Akaweka mikono juu ya magoti na kuuliza tunangoja nini.

Mama Furaha akashika usukani. Tukafuata barabara ya ziwa, Papa Bahati pembeni yake, mimi na Nyogokuru nyuma. Hakuna sauti. Ukikaa ndani ya gari isiyo na sauti unasikia yote ya inje: pikipiki, mutoto analia, na kule mbali tena, bum. Mara ya kwanza maishani nilitamani injini yenye kelele. Nyogokuru akaniuliza kama tumeshaondoka. Nikamwambia tumefika karibu na barrière.

Na kweli tulikuwa tumefika. Mama Furaha akasimamisha pembeni, mbele yetu kile chuma cha mupaka, ng'ambo yake Gisenyi, inchi ingine. Wanawake walikuwa wanavuka na mabeseni yao kama kila siku. Akatazama kale kamustari ka betri. Kalikuwa palepale, kama hatujaondoka.

"Papa Furaha, niambie. Tutakimbilia wapi?"

"Inategemea," nikasema.

"Rutshuru?"

"Imefungwa."

"Masisi?"

"Imefungwa."

"Sake, mahali bomu linatoka?"

Nikahesabu mabeseni ya wale wanawake.

"Basi ni hapa," akasema. "Ni hapa tu. Sasa hiyo Kisangani yako ni ya nini?"

Papa Bahati aligeuza uso akatazama ziwa. Ni mutu wa heshima.

Nimezaliwa Masisi, nimekulia Goma. Nilikuwa najua barabara zote, Walikale, Butembo, Beni, najua mashimo yake kwa majina, mengine niliyabatiza mwenyewe. Nimejisifia hizo barabara maisha yangu yote. Leo, mbele ya kile chuma, niliona muji wetu umekuwa mudogo kuliko betri ya kagari.

Hilo njo limeniogopesha. Si bomu.

Tukakachukua. Saa nane kagari kalikuwa kwetu Katindo, na majirani wote kwenye ukuta. Nikawaambia kametoka Japani kwa ajili yangu. Papa Solo akauliza iko wapi kamba yake ya courant, nikamwambia afunge mudomo, gari hii inapita mbele ya wanajeshi kama paka, watabaki wanaulizana nani amepita. Akacheka, lakini niliona anaangalia kile kiti kifupi. Yeye pia ana mama muzee.

Halafu shida ikajitokeza, na hakuna mutu wa Himbi aliyenionya.

Tangu volkano, muji huu wote unalaza gari kwa namna moja. Unaingia kinyumenyume, pua inatazama portail, ule mulango wa kutokea barabarani, ufunguo kwenye musumari, na kila mutu ndani anajua musumari huo hata akiwa na macho yamefungwa. Hata mutu asiyemwamini Mungu anageuza gari yake. Sasa kagari haka mahali pa kuingiza courant ni puani. Prise iko kwenye ukuta wa jikoni. Nikiweka pua kwenye portail, kamba haifiki. Nikiweka pua kwenye jikoni, kamba inafika, lakini gari imetazama masufuria na mugongo uko barabarani.

Nilivuta kamba ile kama mutu anayevuta mbuzi. Ulibaki urefu wa mulango mumoja ili ifike.

Mama Furaha hakubishana. Akasema: muchana, kukiwa na courant, inakaa jikoni inakula. Kabla ya giza inachomolewa, inageuzwa. Imejaa au haijajaa, inageuzwa. Halafu akasema tujaribu, wote, sasa hivi, kama vile imeanza.

Nilidhani ni muchezo. Watoto walicheka mpaka alipopiga mikono na kusema "Mulima!" kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Wale wakubwa wawili walienda moja kwa moja kwa Nyogokuru bila kuambiwa, mumoja chini ya kila kwapa. Mudogo alibeba viatu vya wote. Kumbe hawa watu wanajua. Walijifunza wakati mimi niko na samaki.

Kazi yangu ilikuwa kuchomoa kamba. Nikaishika, nikavuta. Ikakataa. Nikavuta kwa mikono miwili, muguu juu ya bampa. Ikakataa. Mimi, niliyemuangusha ng'ombe dume kwa pembe kule Masisi, nilishindwa na kamba. Nyuma yangu Nyogokuru ameshaketi, mulango umefungwa, wote wananitazama kupitia kioo, na jasho linanitoka kama kweli lave iko kwa Papa Solo. Niliona yote. Niliona wanangoja, wanangoja, kwa sababu yangu.

Mama Furaha akashuka, akabonyeza kitu kidogo kwenye ufunguo. Tak. Kamba ikaanguka mikononi mwangu.

"Inajifunga ikiwa inakula," akasema. "Papa Bahati alieleza. Wewe ulikuwa unaeleza Kisangani."

Watoto walicheka sana. Mimi nikajifanya napangusa vumbi kwenye kamba.

Tulirudia tena, na tena, mpaka kila mumoja wa wakubwa alijua kubonyeza. Bidoni zangu nimezitoa chini ya kitanda. Nimemimina zote ndani ya camionnette, kwa ajili ya Minova. Kitanda hakinuki tena isipokuwa sabuni.

Maana kesho naenda. Maharagwe yamenunuliwa, dereva ni mimi, na nyumba hii inakula kwa camionnette ile. Nilipomwambia Mama Furaha, alikuwa anakunja kamba vizuri, pete juu ya pete. Nikasema maneno ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu barrière:

"Ikianza mimi sijarudi, usiningojee."

Hakuinua kichwa.

"Hata mara ile sikukungojea, Papa Furaha."

Alisema bila hasira, kama vile ananikumbusha mahali chumvi iko. Na shajara, hilo neno lilinituliza kuliko sala ya padri. Lilinituliza na likanikata.

Kabla ya giza niligeuza kagari mwenyewe. Nilirudisha kiti nyuma sana ili miguu yangu iingie, nikatoka jikoni, nikazunguka, nikarudi kinyumenyume mpaka karibu na ukuta, pua kwenye portail, bila sauti. Kuku hakuamka. Nikatundika ufunguo kwenye musumari. Nikatoka.

Halafu nikarudi. Nikafungua mulango, nikasukuma kiti cha dereva mbele, mbele kabisa, mpaka kwenye kipimo cha miguu ya Mama Furaha.