Jicho la Mashine ya Marobota

Jumatatu, 2 Julai 1973

Vumbi tena. Nimelifuta jicho asubuhi, nimelifuta kabla ya chakula, nimelifuta jioni. Chumba cha brashi kimepakana na chetu. Wakisugua katani kule, vumbi lote linahamia huku.

Mashine ni mpya, ya Ulaya. Mkono wa chuma unasukuma robota la katani kutoka kwenye reli mpaka juu ya chaga la mbao, kisha chaga linabebwa kwenda ghalani. Lakini lazima mashine ijue kwamba robota limefika. Njia ni mbili. Jicho: taa upande huu, kioo upande ule, robota likikata mwanga, mkono unasukuma. Au swichi ya kukanyagwa, inayokaa chini ya reli na kubonyezwa na uzito wa robota. Vyote vilikuja katika sanduku moja. Meneja amechagua jicho. Mimi nataka swichi. Vumbi likiziba kioo, jicho linadhani robota limefika, na mkono unasukuma hewa.

Anayesimama kwenye hewa hiyo ni mke wangu. Mama Sefu ndiye anayenyoosha chaga.

Jumanne, 3 Julai

Nimemwendea meneja. Shikamoo yangu aliipokea vizuri, maneno yangu hapana. Wageni wa mkoa wanakuja Sabasaba kuona shamba la umma lenye mashine inayoona. "Bwana fundi, watu hawatoki Tanga kuja kutazama swichi. Swichi wanazo kwao." Nikiogopa vumbi, niongeze kufuta.

Ningeweza kubishana. Sikubishana. Nyumba tunayokaa ni ya shamba.

Nyumbani nimelalamika mpaka wali ukapoa. Jicho, vumbi, meneja, jicho. Mama Sefu ni Msambaa wa Dindira. Nikamtania kwamba kwao kwenye chai vumbi hawalijui, wanazaliwa wameshaoshwa. Hakucheka. Akauliza kama kioo kinaharibika vumbi likikilalia usiku kucha. Nikasema ndiyo, kinaharibika. Nikalala na hasira.

Jumatano, 4 Julai

Nimekitengenezea kioo kofia ya bati. Afadhali kidogo. Mchana kikaziba hivyo hivyo, mkono ukatoka na kuvunja ubao wa chaga tupu. Mama Sefu alikuwa ameenda kuchukua jingine.

Nikamwambia asisimame pale. "Nisimame wapi, Baba Sefu? Chaga halijinyooshi lenyewe." Kweli tupu. Namchukia meneja. Najichukia na mimi kidogo.

Alhamisi, 5 Julai

Mke wangu amevunjika mkono. Wa kulia. Mfupa ulionekana.

Kengele ililia, nikapandisha swichi kuu, kama kila asubuhi. Kengele ikilia watu husogea mbali na mikanda ya mashine. Mbele ya ile mashine hakuna aliyesogea. Reli ilikuwa tupu, na bila robota mkono wa chuma hauna pa kwenda. Ukaenda. Nilikuwa chumba cha swichi, jicho sijalifuta bado. Niliijua sauti ya Mama Sefu kabla hawajaniita.

Jicho lilikuwa limefunikwa. Kipande cha kanga yake kuukuu, kimefungwa kwa uzi wa katani, kimebana vizuri. Jana jioni wakati wa kutoka alilifunika lisipate vumbi usiku, kama anavyofunika mtungi wa maji nyumbani. Leo akaanza kwanza kunyoosha chaga, afunue baadaye. Alijua vumbi linaliharibu jicho. Hakujua kwamba kulifunika ni sawa na kuliwekea robota mbele. Angejulia wapi? Nimelalamika wiki nzima na hilo sikumwambia.

Kwenye gari la hospitali aliniomba radhi. Yeye, aniombe mimi.

Ijumaa, 6 Julai

Nimeng'oa jicho. Nimefunga swichi chini ya reli. Sikuomba ruhusa.

Meneja alikuja akasimama mlangoni. Nikamwambia akitaka jicho alirudishe mwenyewe, na chaga anyooshe yeye. Nilisema kwa sauti, wenzangu wakasikia. Nikangoja kufukuzwa. Akalitazama lile chaga, damu ilikuwa haijaoshwa. Akaondoka.

Nikaenda msikitini na nguo za kazi. Sikusikia hotuba.

Jumamosi, 7 Julai. Sabasaba

Wageni wamekuja. Marobota yamefika, yamekanyaga, yamesukumwa. Hakuna lililokosea. Wakapiga makofi. Mmoja akauliza mashine inajuaje. Meneja akajibu kwamba inahisi uzito, na akajibu kwa majivuno, kana kwamba ndivyo alivyotaka tangu mwanzo. Sikungoja soda. Nimekwenda hospitali.

Jumapili, 8 Julai

Amerudi nyumbani. Plasta imepanda mpaka juu ya kiwiko. Daktari anasema vidole huenda visikunjike vizuri tena.

Jirani ametuletea ugali na mchicha. Mama Sefu alikaa mbele ya chakula asikiguse. Mkono wa kushoto haupeleki chakula mdomoni. Ndivyo alivyolelewa, nami ndivyo nilivyolelewa. Nikanawa. Nikakata tonge, nikachovya, nikamlisha. La kwanza lilikuwa kubwa mno, akanicheka.

Kisha akauliza kama jicho nalo limevunjika. Nikasema hapana, lipo zima. Akafurahi. Aliposema alhamdulillahi nilishindwa kumtazama.

Tumekula taratibu, tonge lake, tonge langu, mpaka sahani ikaisha.