Jina Lisilopita Kinywani Mwako

Mama,

Amahoro, Mama yangu. Huku Rumonge hatujambo. Mwanao Yasini amenenepa, usiniulize kwa nini, mkewe anapika vizuri. Mawese yamepanda bei, na wateja wako wa Bujumbura wananipigia mimi wakilalamika kana kwamba ni mimi niliyeyapandisha. Ila leo sikuandikii habari za mawese. Umenitesa wiki nzima, Mama, na sina mtu wa kumsimulia isipokuwa wewe uliyenitesa.

Unaikumbuka ile programu niliyokuwekea kwenye simu, ya kutunza maneno ya siri? Ilikuwa kila ukisahau neno la siri unafungua akaunti mpya, mpaka wateja hawajui wakuandikie wapi. Nikakuambia uyaweke yote humo, wewe ukumbuke neno moja tu, lile linalofungua sanduku zima. Basi wenye programu wametangaza wanaifunga. Mwezi huu ukiisha, kila kilichomo kinafutwa. Anayetaka vyake avihamishie kwingine. Vyangu nilivihamisha nikisubiri wali uive.

Vyako ndiyo shida. Simu yako ilizama ziwani kule Kigwena, na picha zote zilizokuwamo ziko kwenye akaunti ambayo neno lake la siri limo kwenye programu hiyo tu. Zile za karatasi, za harusi yako na Baba, unajua mwenyewe zilivyokwisha, maji ya ziwa yalipopanda yakaingia chumbani. Na kwenye simu yangu? Mtandio mtupu! Kila nilipotaka kukupiga picha ulijifunika uso. Kwa hiyo nikishindwa kufungua, sura yako sina popote. Niliogopa, Mama. Niliogopa kukusahau.

Neno lenyewe nilijidai nalijua. Siku ile nilikupa mgongo ili uliandike bila kuonekana, ukamaliza ukaniambia, "Nimeweka ile jina haipiti mu kinywa yangu. Wewe unaijua." Nani asiyeijua? Ni jina la Babu, baba yake Baba. Desturi inasema mke hamtaji baba mkwe kwa jina. Wenzako walilegeza, wewe ukakaza. Kwa kuwa Babu aliitwa Rajabu, hata mwezi wa Rajabu hukuutaja, ulikuwa "ule mwezi iko kabla ya Shabani." Na yule fundi wa baiskeli, maskini, kosa lake kupewa jina hilohilo, ulimwita "wewe wa baiskeli" mpaka akazoea kuitika.

Basi nikaandika Rajabu. Ikakataa. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, nikaweka mwaka wako wa kuzaliwa nyuma yake. Ikakataa, halafu ikanifungia, eti nisubiri kwanza. Nikawaandikia wenyewe, wakanijibu kwa adabu kwamba hata wao hawana ufunguo. Yasini akasema, "Achana nayo, Mama hayuko mu telefone." Nilimfokea, Mama. Nilimfokea mpaka mkewe akatoka jikoni kuja kuona kuna nini.

Juzi nikaenda Gitaza kwa Shangazi, nikamkuta anageuza juani ndagala zake, dagaa wa ziwa letu. Nikamweleza yote. Alicheka mpaka akakaa chini. "Unazani aliandika jina ya baba yangu? Yule? Mukono na mudomo iko kitu moja!"

Ee Mama! Nilisimama palepale kwenye harufu ya ndagala, nikaandika: kablayashabani. Ikafunguka.

Ulikuwa peke yako na ile simu. Mimi nilikuwa nimekupa mgongo, na Babu mwenyewe alikwisha kufa zamani. Hakuna ambaye angekusikia, na bado hukumtaja. Mimi baba mkwe wangu namwita Mzee Idi mbele ya watu, na akiniudhi namwita Idi tupu, chumbani. Nilikuwa nakuona mshamba. Sasa nakuonea wivu kidogo, sijui hata kwa nini.

Kuhamisha kwenyewe si kazi. Nilivitoa vyote nikaviweka kwenye faili moja, nikaliingiza faili kwenye programu mpya, kisha nikalifuta haraka, maana humo maneno ya siri yanasomeka na kila mtu kama tangazo la ukutani. Kumbe ulikuwa umemtunzia hata Mama Asha jirani neno lake la siri! Yeye alishalisahau. Nilipompelekea alikuombea dua hadi nikachoka kuitikia amina.

Na picha zako sasa. Wallahi, ni bidoni tu, madumu yako ya biashara! Bidoni za mawese zimejaa, bidoni za mawese nusu, bidoni juu ya gari, zote za kuwaonyesha wateja, na kidole chako kikiziba pembe. Nilizipitia hadi nikaanza kukata tamaa. Kisha ukatokea. Ulijipiga bila kujua: miwani juu ya paji la uso, kidevu kimejaa mbele, umeikunjia simu uso kama unataka kuiuliza inakutazama nini. Hakuna mtandio. Ni wewe kabisa. Nililia, nikacheka, nikalia tena. Yasini, aliyesema haumo kwenye simu, ameichukua na kuiweka kwenye yake. Anasema ni kwa ajili ya watoto. Mwongo! Nimemwona akiitazama akiwa peke yake.

Halafu programu mpya ikataka neno lake kuu, lile la kufungua vyote, niliandike mara mbili. Mwishowe nikaandika jina lako. Si Mama, si Mama Yasini. Jina alilokupa Bibi ulipozaliwa. Maisha yangu yote sijawahi kukuita hivyo, mtoto gani angethubutu? Niligeuka kutazama mlangoni kama umekuja na mwiko. Usihofu, nimeongeza kitu nyuma yake, mtoto wako si mjinga. Na hapa silitaji.

Lala pema, Mama. Mungu akupanulie mahali ulipo, akuangazie. Nakuahidi picha yako haipotei mimi nikiwa hai. Wakifunga hii programu nitaihamisha, wakifunga na inayofuata nitaihamisha tena. Na kila nitakapofungua nitakuita kwa jina lako, lakini kwanza nitasema: samahani, Mama.

Binti yako,
Zaituni