Chembe Nzito Haikuwepo

Mwangaluka mayu,

Huku theluji inaanguka tangu alfajiri. Dada ameniandikia kwamba umewatangazia watu wote Kasoli, hata yule mnunuzi mpya wa pamba, kuwa mimi na wenzangu tumegundua chembe nzito ya maada isiyowahi kuonekana. Mama, haikuwepo. Tuligonganisha chembe nyingi zaidi katika mtambo wetu wa chini ya ardhi, na ile dalili tuliyoishangilia ikafifia hadi ikapotea.

Mwenzangu Marta naye alikuwa amemwambia baba yake, ambaye ni mgonjwa. Jana aliniomba nimsindikize kumpigia simu amwambie ukweli. Nilisimama nje ya kibanda nikitafuna michembe ya viazi uliyonifungia. Marta alipotoka, macho mekundu, nikamuuliza, "Amesemaje?"

"Ameuliza kesho naingia kazini saa ngapi."

Tukacheka, halafu tukalia kidogo. Leo tumeanza kutafuta tena, chembe nzito kuliko ile. Waambie majirani ukweli, mama, wala usione haya. Msalimie baba. Mungu ayape nguvu magoti yako.

Mwanao akupendaye,
Kabula