Suruali ya Marinda ya Bi Zuwena

Ghubra,
Maskati.
Jumamosi, 11 Januari 2025

Mpendwa Bibi Bakhita,

Assalaam aleikum warahmatullah. Kwanza nakushikia miguu, ingawa miguu yenyewe iko Unguja na mimi niko huku. Vipi hali yako? Goti limepoa, au bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na mjukuu wako Maha, bi harusi wetu, shughuli hazijamchosha? Sisi wazima, alhamdulillahi. Dada yako, Bibi Mahbuba, karudi Umra salama, kaja na mafua ya safari tu. Baridi imeingia, hata panka hatuwashi tena.

Utashangaa kupata barua ya mkono na hali simu zipo. Simu nimejaribu mara tatu, Bibi. Kila ukipokea na kusema "Ghadeer, mwanangu," sauti inanipotea, nakuuliza habari za goti kisha nampa Bibi Mahbuba simu. Skuli nnasoma kwa Kiarabu na Kiingereza, Kiswahili ni cha nyumbani tu, kwa hivyo nisamehe nikikosea kuandika. Lakini hili siwezi kukwambia kwa lugha nyengine.

Ndani ya bahasha mna karatasi ndogo iliyokunjwa mara nne. Tafadhali usiifungue mpaka umalize kusoma. Na ukitaka kuifungua, zima panka kwanza, maana najua huko joto.

Bibi, ile suruali ya marinda ya mama yenu, Bi Zuwena, uliyoomba Mjomba Amur amletee Maha aivae siku ya harusi yake, mimi nimeifumua.

Nimeandika. Sasa nakueleza ilivyokuwa.

Muhula huu mwalimu wetu wa sanaa, Mwalimu Hannah, ambaye ni Mkenya, alitupa kazi ya mavazi ya baleti, ile dansi ya Kizungu ya kusimama kwa ncha za vidole vya miguu. Kila mmoja achague kipindi, akisome, kisha atengeneze vazi moja la kuoneshwa wazazi. Mimi nilichagua miaka ya mwanzo ya karne iliyopita. Nilisoma kuwa kabla ya hapo wachezaji walivaa visketi vigumu vilivyosimama kama mwavuli, na viuno vimebanwa kwa kamba mpaka pumzi haipiti vizuri. Halafu likaja kundi la Warusi kucheza Paris, na katika baadhi ya ngoma zao wanawake walitoka jukwaani wamevaa suruali pana zilizokusanywa kwenye vifundo vya miguu, na vilemba, na shanga, na rangi ambazo huko hazikuzoeleka kuwekwa pamoja, machungwa na kijani na buluu. Watu walipigwa na butwaa. Haukupita muda mabibi matajiri wa Paris nao wakaanza kuziacha zile nguo za kujibana, wakavaa vilemba na suruali kwenye karamu zao, na magazeti yakawafanyia mzaha. Washonaji wakasema mtindo umetoka Mashariki. Mashariki ipi, kwa nani, hawakusema.

Nilipoiona picha ya mchezaji mmoja nikasema moyoni, hii si ile iliyomo sandukuni kwa Bibi Mahbuba?

Ufunguo wa sanduku nilikuwa nao kwa haki. Bibi alipokwenda Umra aliniachia nizifukize nguo udi kila Ijumaa, kama ninavyomsaidia siku zote. Ilikuwa amana. Ijumaa ya kwanza nilifukiza, nikafunga. Ijumaa ya pili niliitoa suruali.

Unaijua kuliko mimi, atlasi nyekundu, kile kitambaa cha kung'aa, ambayo mikunjo yake imegeuka rangi ya zabibu. Sasa kwenye picha, miguu ya suruali imekusanywa kwa ukanda tu, haina marinda. Ya Bi Zuwena marinda yamejaa chini kila mguu. Nikadhani yameongezwa baadaye na mtu, na kwamba nikiyatoa ntairudisha ilivyokuwa asili. Fikiri, Bibi. Picha ya Paris nikaifanya ndiyo asili, na nguo iliyoshonwa na mama yako nikaiona ndiyo iliyokosea.

Nilitumia wembe, alasiri mbili. Upande wa ndani, pale marinda yaliposhikana na mguu wa kulia, palikuwa na mistari minne ya bandi, ile mishono ya mkono, kila mmoja na uzi wake. Mweupe, wa buluu, wa manjano, na wa kijani. Ule wa kijani ulikwenda upogo, mara juu mara chini. Nilicheka peke yangu, nikasema fundi huyu alikuwa anasinzia. Huo ndio niliouanza kuukata.

Siku ya maonesho nilivisha suruali kwenye sanamu la mbao, nikatia kilemba na shanga, nikaandika kibao: "Suruali ya mtindo wa Paris, 1910." Na nikasimama nikazungumza mbele ya watu, mimi ambaye hata mwenye duka nampa karatasi nisiseme ninachotaka. Mwalimu Hannah alipiga makofi. "Ghadeer! Kumbe una sauti? Mwaka mzima nimekuwa nikifundisha kivuli!" Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Sijawahi kufurahi vile skuli.

Kisha akainama, akageuza pindo. "Lakini hii kitambaa ni ya zamani kweli. Hapa palikuwa na kitu, ona matundu. Ni ya nani?"

Nikamjibu: "Nimenunua Matrah, sokoni."

Ningeweza kusema ni ya mama wa bibi yangu. Niliona haya. Wenzangu walisimama pale pale, nikaogopa wataniuliza kwa nini nimeleta nguo ya mtu aliyekufa, na Unguja wapi, na kwa nini nyumbani kwetu tunasema Kiswahili. Paris ilikuwa rahisi zaidi. Nilimkana Bi Zuwena mbele ya suruali yake mwenyewe, Bibi, na hakuna aliyenilazimisha.

Jumatano ulipopiga simu kuiomba suruali, Bibi Mahbuba aliweka simu chini na kwenda moja kwa moja kwenye sanduku. Nilikuwa nimeikunja vizuri, na marinda nimeyatia ndani ya mfuko chini yake. Aliitandaza kitandani, akapitisha kidole ndani ya pindo la mguu wa kulia, polepole, mpaka mwisho.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, Bibi."

"Na nyuzi ziko wapi?"

Hakuuliza marinda. Aliuliza nyuzi.

"Nimezitupa."

Akakaa kitandani kama mtu aliyeambiwa msiba. Mimi nilibaki mlangoni. Akasema, "Nifungie mlango," nikaufunga, nami nikiwa nje.

Aliniita baada ya Magharibi, akanieleza. Haya wewe unayajua, mimi ndiyo kwanza nayasikia: kwamba kila bi harusi wa ukoo, siku anapovishwa suruali ile, hupewa sindano, akapiga mstari mmoja wa bandi kwa uzi wa rangi anayoipenda, na kwamba mwari haambiwi mpaka siku yake. Mweupe ni wa Bi Zuwena mwenyewe. Wa buluu ni wake yeye. Wa manjano ni wako.

Nikauliza wa kijani, na nilishajua.

"Wa mama yako. Mazoon hakuwa mtu wa sindano. Ulikwenda upogo, Bakhita akamwambia, 'We mtoto, unashona au unatoroka?' Tulicheka siku ile mpaka wanja ukamchuruzika, akapakwa upya."

Bibi, mama kanifia nna miaka saba. Picha zake ninazo, na sauti yake kidogo kwenye simu ya baba. Kitu alichokifanya kwa mkono wake sikuwa nacho hata kimoja. Kumbe kilikuwemo sandukuni, nakifukiza udi mwezi baada ya mwezi, na siku nilipokiona nilikicheka, nikakikata.

Nilikwenda kupekua mfuko wa mashine ya kuvutia vumbi. Ulishamwagwa zamani.

Alhamisi nilimfuata Mwalimu Hannah, nikamwambia kweli. Hakunigombeza. Picha ya maonesho bado imetundikwa ukutani pale skuli, na kibao changu chini yake. Alikibandua akanipa kadi mpya na kalamu, akasema, "Andika wewe, mimi simjui." Nikaandika: "Suruali ya marinda. Ameishona Bi Zuwena, Unguja." Niliandika mchana, watu wanapita.

Jana baada ya sala ya Ijumaa Bibi Mahbuba aliniambia nilete pini. Tuliyarudisha marinda pamoja, yameshikwa kwa pini tu. Atlasi haisahau, matundu yote yapo, ukiinua kwenye dirisha unayaona kama nukta. Akatunga uzi wa buluu, akaupitisha kwenye matundu yake ya siku ile, moja moja. Mikono yake siku hizi inamwaga hata kahawa, lakini hakukosa tundu hata moja. Kisha mweupe wa mama yake. Wa manjano akasema utaupiga mwenyewe. Alipofika kwenye matundu ya upogo aliweka sindano chini.

"Huu simo. Sindano alipewa na Bakhita. Mwandikie Bakhita, yeye ndiye atakayesema. Na uandike wewe, sikuandikii."

Ndiyo barua hii. Mjomba Amur anasafiri Jumanne, anakuletea suruali kama ilivyo, na pini zake. Ukisema imeharibika na Maha asiivae, ntakuelewa, na nnamwomba Maha radhi kwa kumharibia siku ambayo haijafika. Ukisema aivae, nnaomba jambo moja. Matundu ya mama ama uyaache wazi, ama uyapitishe wewe uliyekuwepo, na uzi uende upogo vilevile, usiunyooshe. Kuushona mimi siombi. Siku yangu haijafika, na sijui kama baada ya haya nyinyi mtanipa sindano.

Nisalimie Maha, na wajomba zangu wote hapo nyumbani, hasa Mjomba Humam, mwambie tende alizotuagizia ziko kwa Mjomba Amur. Baba anakusalimu. Bibi Mahbuba anasema usisahau dawa ya goti. Mungu akuhifadhi, akupe afya uione harusi ya Maha na wajukuu wengine, na akulainishe moyo juu yangu, ukipenda.

Sasa zima panka, Bibi, ufungue ile karatasi.

Niliukuta ndani ya mkunjo wa rinda tulipokuwa tukitia pini. Ni mfupi, hautoshi hata matundu matatu. Ndio pekee uliobaki wa kijani. Usiku kucha nilikuwa nao chini ya mto, nikataka niufiche uwe wangu. Lakini mimi nimeujua ukikatwa. Wewe umeujua ukishonwa. Bora ukae kwako.

Mjukuu wako akupendaye, anayengoja jawabu lako, liwe lolote,

Ghadeer binti Mazoon