Programu ya Kuitoa Sauti ya Dada kwenye CD: Kumbukumbu za Kikao cha Tisa cha Kamati ya Bendi

TAREHE: Jumapili, 14 Juni
MAHALI: Chumba cha nyuma cha saluni, kati ya mashine ya kukaushia nywele na ndoo za maji

WALIOHUDHURIA
Mwenyekiti: mpiga besi wa zamani, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mdogo wake Dada
Dada: mwimbaji wetu
Msusi: binti yake Dada, mwenye saluni na kompyuta
Mpiga tumba: mwoka mikate
Katibu: mpiga tarumbeta, baharia mstaafu

ASIYEHUDHURIA
Mpiga solo. Alituma ujumbe kwamba jino linamsumbua. Jana Katibu alimwona akiguguna mfupa, lakini udhuru ulipokelewa.

KUMB. NA. 1/9: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti alifungua kikao saa tisa alasiri. Wajumbe walisimama kumpa Dada heshima, kwani hiki kilikuwa kikao chake cha kwanza tangu apasuliwe koo. Kwa kuwa sauti haipo tena, ilikubaliwa kwamba atajibu kwa kichwa, na mjumbe asiyemtazama usoni atahesabiwa kuwa hakusikia.

KUMB. NA. 2/9: HALI YA CD
Msusi alieleza kwamba CD ya onyesho letu la mwisho imebaki hiyo moja tu duniani. Mwenyekiti aliuliza mikwaruzo imetoka wapi. Mpiga tumba alieleza, kwa sauti ya chini, kwamba mkewe aliitundika kwenye bustani ya nyanya ili ing'ae na kufukuza ndege. Mwenyekiti alisema, "Kwa hiyo dada yangu amekuwa sanamu ya kutishia kunguru." Mpiga tumba alijibu kwamba nyanya zilistawi. Mwenyekiti aliagiza jibu hilo lisiandikwe. Katibu ameliandika kwa sababu lilitamkwa.

KUMB. NA. 3/9: KUCHAGUA PROGRAMU
Msusi alieleza kwamba zinatakiwa faili za sauti zisizopunguzwa, yaani kila kilichomo kwenye CD kiingie kwenye kompyuta kama kilivyo; si zile faili ndogo za kwenye simu, ambazo hutupa baadhi ya sauti ili ziwe nyepesi. Katibu aliunga mkono. Alieleza kwamba amesikia muziki katika bandari ambazo wajumbe wenzake wanaziona kwenye ramani tu, na tarumbeta iliyopunguzwa huijua hata akiwa usingizini. Mwenyekiti alimwomba Katibu arudi nchi kavu.

Programu zilizoletwa ni mbili, na wajumbe walizipa majina ya Chapuchapu na Kobe. Chapuchapu humaliza kazi kabla chai haijapoa. Ikikuta mkwaruzo huziba pengo kwa kubahatisha, na hutoa nyimbo tu. Yaliyo kati ya wimbo na wimbo huyaruka. Kobe hunakili CD nzima. Penye mkwaruzo hurudia kusoma tena na tena, na ikishindwa husema wazi kwamba imeshindwa.

Mwenyekiti alipendekeza Chapuchapu. Alieleza kwamba CD imechoka na kuizungusha mno kutaimaliza kabisa. Aliongeza kwamba maneno ya kati si muziki.

Msusi alisimama, akasema, "Mjomba, nyimbo za mama hata majirani wanaziimba. Kuongea kwake je? Niambie kama kupo mahali pengine, nami nitakaa chini."

Mpiga tumba aliwakumbusha wajumbe ni maneno gani hayo. Kabla ya wimbo wa tatu Dada alisimamisha bendi, akamsema mpiga besi mbele ya ukumbi mzima kwa kuja amelewa. Ukumbi ulicheka, mpiga besi akashuka jukwaani, na hajagusa besi mpaka leo.

Mwenyekiti alisema hilo halimo kwenye ajenda. Katibu alitazama ajenda. Ni kweli halimo. Ndipo Mwenyekiti akasema, "Miaka yote hii nimeishi na kicheko kile. Leo mnataka kukitunza kisipungue hata chembe?"

Katibu aliikunja ajenda.

Mwenyekiti alimgeukia Dada, akamuuliza, "Na wewe unataka yabaki?" Dada alimtazama binti yake, kisha mdogo wake. Akakubali kwa kichwa. Mwenyekiti aliondoa pendekezo lake. Kobe ilichaguliwa bila kura.

KUMB. NA. 4/9: KUNAKILI NA KUSIKILIZA
Kazi ilianza papo hapo. Kwenye wimbo wa pili CD ilianza kusaga ndani ya mashine kama mchanga kwenye meno. Mpiga tumba alitoka nje, akarudi. Hatimaye ilipita. Kobe ilitoa taarifa kwamba imeshindwa mahali pamoja tu, katikati ya tarumbeta. Katibu alisema si neno, watu wajue tu kwamba palikuwa patamu.

Msusi alifungulia maneno yaliyo kabla ya wimbo wa tatu. Sauti ya Dada ilitoka nzito, kama tunavyoijua: "Simameni, simameni! Huyu mdogo wangu amekuja amelewa, besi inatembea yenyewe." Kikafuata kicheko. Halafu, chini ya kicheko, yakafuata haya, ambayo hakuna mjumbe aliyeyakumbuka, kwani sote tulikumbuka kicheko tu:

"Basi jamani, inatosha. Juzi tumemzika mama yetu. Mimi nina wimbo wa kulilia, yeye hana. Mdogo wangu, uko wapi? Rudi, bwana. Mdogo wangu, unanisikia?"

Mwenyekiti aliiambia kompyuta, "Nakusikia, dada." Kisha aligeuka, akamwambia Dada mwenyewe.

KUMB. NA. 5/9: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti alimwachia Dada nafasi ya kufunga kikao. Dada alikifunga kwa kichwa, saa kumi na mbili kasoro. Wajumbe wote walikuwa wakimtazama usoni.

Mwenyekiti (besi): ..............................

Katibu (tarumbeta): ..............................