Dada, Ilikuwa Potasiamu

Dada yangu Zuhura,

Asubuhi nilikuja kaburini kwako Mlingotini nikakusomea Yasini. Nimerudi nyumbani na maneno yaliyonibaki kifuani, ndiyo haya ninayokuandikia.

Tulipokuwa tukilima mwani, hakuna aliyefunga kamba upesi kama wewe. Ulikuwa ukinitania kwamba vidole vyangu ni vya kushika chaki tu. Kisha miguu ikaanza kukuishia nguvu. Siku moja, maji yakijaa, ulikaa mchangani ukasema, "Mwajuma, mapaja hayanitii."

Mimi nilikuwa nimebeba mzigo wote peke yangu. Nikakujibu kwa hasira, "Dada, na wewe umezidi kudeka!"

Ulicheka kidogo, ukaninyooshea mkono nikuinue.

Watu walisema ni jini. Ulipungwa, ukanywa kombe la aya zilizooshwa sahanini. Zahanati wakakupa dawa ya presha. Haukupita mwezi, moyo wako ukasimama ghafla, ukiwa umekaa barazani unamsuka Rehema wako. Alikuwa na miaka sita.

Nimemlea, dada. Mwaka huu alinipigia simu kutoka chuoni. "Mama mdogo, nashindwa kupanda ngazi. Mapaja yamelegea."

Siku ile ile nikampeleka hospitali Dar, nikamweleza daktari habari zako zote. Walipopima damu, potasiamu ilikuwa chini mno.

Daktari, mwanamke mpole, alinichorea figo kwenye karatasi. "Hapa juu pana tezi ndogo, mama. Inatoa homoni ya aina ya steroidi, inaitwa aldosteroni. Inaingia ndani ya seli za figo na kuziamuru zishike chumvi, zifungue milango ya kutolea potasiamu. Homoni ikizidi, milango inakuwa mingi na wazi mno, potasiamu inapotea na mkojo. Misuli inakosa nguvu. Na moyo nao ni msuli."

"Ugonjwa huu hurithiwa?" nikauliza.

"Zipo familia zinazorithishana. Kwa ulivyonieleza, huenda mama yake alikuwa nao."

Nililia pale pale. Rehema akadhani namlilia yeye. Ikabidi nimwambie yote, hata lile neno nililokutupia mchangani. Akanishika mkono. "Mama mdogo, hukujua."

Nadhani nawe ungesema hivyo hivyo, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nisamehe, dada. Ulikuwa ukiniambia kweli.

Rehema sasa anatumia kidonge kinachoizuia ile homoni, na kila mara anapimwa damu. Nguvu zimerudi. Jana tulikwenda sokoni Bagamoyo, akanitangulia mbali, kanga inapepea. Nilifungua kinywa nimwite anisubiri, nikakifunga. Nikamwacha aende.

Mungu akulaze pema, dada yangu.

Mdogo wako,
Mwajuma