Taarifa ya Kikao Kisichofanyika

Cardiff, 3 Februari

Mpwa wangu Mared,

Habari za London? Kifua kimepona? Mimi mzima, isipokuwa goti, na suruali ambazo mwaka huu zimeamua kunibana zote kwa pamoja. Jumapili nilikwenda kijijini Cwm Derlwyn kumwona mama yako. Alinipa supu ya kondoo na maneno makali, bakuli mbili mbili.

Mvua imenyesha siku kumi na moja. Lile lundo la taka za mgodi juu ya nyumba zao limeanza kutoa maji meusi upande wa chini, mahali ambapo hapakuwa na maji. Nilimwambia ahamie kwangu.

"Nihamie kwako niwe mpishi wako?" akasema. "Wewe uko bungeni miaka ishirini. Kaulize hilo lundo ni la nani, litolewe."

Nimeuliza. Ndiyo kazi ya katibu wa Kamati: kubeba makaratasi na kuwakumbusha waheshimiwa wazime simu. Ninyi wa wizarani London mnasema lundo ni letu tangu tupate bunge letu. Waziri wetu anasema ni lenu, maana mgodi ulifungwa kabla bunge hilo halijakuwapo. Waziri wetu na wenu watakutana huko tarehe 12. Tulishakubaliana kwamba Kamati iandikiwe mapema, na ajenda juu yake, ili tumhoji wa kwetu kabla hajaondoka. Barua ya mara iliyopita ilifika siku mbili baada ya kikao. Nadhani ilikuja kwa miguu.

Siri sikuombi. Naomba barua iwahi tu.

Mjomba wako,
Idwal

London, 7 Februari

Mjomba, shikamoo.

Kifua kimepona, asante. Pole na goti. Suruali sizipi pole, siagi unayokula naijua. Nimempigia Mama simu. Amesema maji yale "yanapita tu," kisha akaniuliza nitaolewa lini, kwa hiyo najua anaogopa.

Barua yenu nimeituma leo kwa mkono wangu. Lundo limo, ni jambo la nne kwenye ajenda. Zaidi ya hapo usiniulize, Mjomba. Yanayosemwa kikaoni hubaki kikaoni; nje hutoka taarifa ya pamoja, na mwandishi wake ni mimi. Aya tatu tu. Mkuu wangu husema taarifa nzuri ni ile ambayo ukishaisoma unabaki palepale ulipokuwa.

Mpwa wako akupendaye,
Mared

Cardiff, 18 Februari

Mared mwanangu,

Natumai u mzima. Barua yako iliwahi, tukamhoji Waziri tarehe 11, naye akaahidi mbele ya watu kwamba hatarudi bila jibu la lundo. Mama yako alitazama kwenye televisheni. Anasema nilikuwa nimekaa kama gunia la viazi.

Kesho yake nilipanda treni kwenda Bristol kwa daktari wa goti. Mafuriko yakafunika reli, tukashushwa Newport. Jukwaani nikamkuta Waziri wetu na begi lake, anakula mkate wa soseji. "Idwal," akasema, "usije ukaniandika nikiwa na mchuzi kwenye tai." Tulikaa benchi moja mpaka saa tisa alasiri, kisha sote tukarudishwa Cardiff. Alipiga simu mbili, moja kwa dereva na moja kwa mkewe.

Jioni ile taarifa ya pamoja ikaingia: "Mawaziri walikutana, wakajadili kwa kina usalama wa malundo, wakakubaliana kuendelea na mazungumzo."

Kwa kina, Mared.

Jana Mwenyekiti akamuuliza, "Waziri, mlisemaje kuhusu Derlwyn?" Akajibu, "Taarifa inajieleza, Mwenyekiti." Hakunitazama. Mimi nikaandika alichosema, kama ninavyolipwa.

Jumatatu nitamweleza Mwenyekiti nilichokiona, na swali lake la kwanza litakuwa nani aliyeiandika. Nimetaka ulisikie kutoka kwangu. Kama kuna nisilolijua, niandikie.

Mjomba wako,
Idwal

Cardiff, 4 Machi

Mared,

Hujambo lakini? Sijapata jibu, na mama yako anasema akikupigia simu unaongea habari za hali ya hewa.

Jumatatu ilipita sikusema. Ya pili pia. Nilifika hadi mlangoni kwa Mwenyekiti, nikamuuliza kama anataka chai. Miaka ishirini nawakumbusha watu wazima wajibu wao, wangu umenishinda, kwa kuwa kila nikitaka kusema naiona sura yako.

Juzi tope lilisukuma ukuta wa mzee Hopcyn, jirani yenu, likasimama mlangoni kwake. Hakuna aliyeumia. Mama yako yuko kwangu sasa, anasema mito yangu ni migumu kama mawe. Kila asubuhi ananiuliza, "London wamesemaje?" Namjibu bado. Sijui namna ya kumwambia kwamba hakuna aliyesema neno, na aliyeandika kwamba wamesema ni binti yake.

Mjomba wako, bado,
Idwal

London, 9 Machi

Kwa Katibu wa Kamati,

Mimi Mared Prosser, ofisa wa wizara, naieleza Kamati yafuatayo.

Taarifa ya pamoja ya tarehe 12 Februari niliiandika tarehe 10, kwa kuwa desturi ya ofisi ni kuandika kabla mawaziri hawajakutana. Pande zote mbili ziliipitisha tarehe 11. Kikao hakikufanyika. Saa sita mchana nilijua treni imekwama. Saa kumi na moja jioni niliituma taarifa hata hivyo.

Vikao vitatu vya kabla yake vilifanyika, lakini kila kimoja kiliishia jambo la tatu. Lundo la Derlwyn halijawahi kujadiliwa na mawaziri. Taarifa zote nne zinasema limejadiliwa kwa kina. Zote nne niliziandika mimi.

Niko tayari kuhojiwa hadharani. Nakala ya barua hii nimempa mkuu wangu asubuhi, naye amechukua kadi yangu ya mlangoni.

Naomba barua isomwe yote mbele ya Kamati na iingie kwenye kumbukumbu. Katibu ni ndugu yangu wa damu, kwa hiyo naomba asiisome yeye.

Wito wowote utumwe, kuanzia Jumamosi, nyumbani kwa Katibu huyo, anakoishi mama yangu kwa sasa.

Mared Prosser